Wacheni Kutuuzia Jina, Madonge Tunayo

Wasee, hebu tuongee ukweli. Kuna haya madonge madogo ya tende, oti na njugu, yale hayahitaji oveni. Siku hizi yamejaa kwa mikahawa ya Nairobi. Matatu kwa kiboksi, jina la Kizungu juu, na bei inatosha unga paketi mbili na sukuma ya jioni. Halafu tunaambiwa hiyo ndiyo afya.

Mimi nakataa. Si ati madonge ni mabaya. Ni matamu na yanashibisha. Ninachokataa ni hii stori kwamba kula vizuri ni ya watu wa pesa, na kwamba hii kitu imetoka ng'ambo juzi.

Panda gari ya kuenda Kisumu ama Busia. Ikisimama, nani anakuja dirishani? Mama wa simsim. Ameikaanga, akaishikanisha na sukari, akaiviringa. Teremka Mombasa, uliza kashata ya njugu. Hizi vitu zilikuwa hapa kabla ya Instagram. Lakini zikiwa kwa beseni ya mama, tunaziita za kishamba. Zikiingia kwa kiboksi, tunapiga picha kwanza.

Na vile viungo vya bei kali mnavyoambiwa ni lazima? Gramu 100 za njugu karanga zina protini karibu gramu 25. Lozi haifikishi hapo. Kwa hivyo ukiambiwa bila lozi hujala afya, jua mtu anatafuta doo yako.

Kingine ni hii "haina sukari." Unageuza kiboksi, unapata asali. Shirika la Afya Duniani, kwa mwongozo wake wa 2015, linahesabu asali pamoja na ile sukari unatia kwa chai. Linasema ni vizuri zaidi zisipite kama gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita vya chai. Asali ikitoka Kitui ama Ulaya, kijiko ni kijiko. Na ndiyo, simsim ya steji pia ina sukari. Ndiyo maana nasema utengeneze mwenyewe: mkono unaotia ni wako.

Huhitaji blenda. Kaanga njugu kikombe kimoja na simsim nusu kikombe, kila moja kivyake, kwa sufuria kavu, moto mdogo. Simsim ikianza kurukaruka, toa. Twanga njugu kwa kinu, ama weka kwa kitambaa safi upondeponde na chupa. Toa kokwa za tende 15, loweka kwa maji moto dakika kumi, mwaga maji, ponda na uma. Changanya zote na chumvi kidogo sana, viringa. Ikikataa kushikana, ongeza tende moja. Hiyo imetoka kwa meko ya bedsita, bila oveni, bila asali.

Lakini hapa sitaki mchezo: chagua njugu zako moja moja. Yenye ukungu, iliyokunjamana ama iliyobadilika rangi, tupa. Sumukuvu haiishi kwa kukaangwa. Mwaka wa 2004, sumukuvu kwa mahindi iliua zaidi ya watu 100 huku Ukambani. Hiyo ndiyo afya ya kupigia kelele, si rangi ya kiboksi.

Na msinielewe vibaya, donge si dawa. Njugu na simsim zina mafuta mengi, kwa hivyo mawili yanatosha kukufikisha lanchi. Ukimaliza kumi ukiangalia sinema, usilaumu simsim.

Kama una pesa na unapenda kiboksi, nunua, ni haki yako. Lakini usimwambie mwanafunzi anayelala njaa chuoni kwamba afya imemzidi bei. Anahitaji njugu, simsim, tende na nusu saa. Mengine yote kwa hicho kiboksi ni jina, na jina halishibishi mtu.