Mlango Mdogo wa Jiko

Leo tuzungumze juu ya kitu kidogo kinachodharauliwa katika nyumba nyingi hapa kwetu Makuyuni. Ni kile kimlango cha bati kilichoko chini ya jiko la mkaa. Mara nyingi utaona jiko lenye chungu kizuri cha udongo, lakini kimlango kimeng'oka na tundu li wazi mchana kutwa. Kisha wenye nyumba hulalamika kwamba gunia la mkaa halifiki mwisho wa mwezi.

Jiko hili la chungu kilichovikwa bati, ambalo wengi huliita jiko banifu, lilianza kutengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kufuata mfano wa jiko la ndoo la Thailand. Faida zake ni mbili. Udongo huzuia joto lisipotee ubavuni, na kimlango hupima hewa. Moto hula mkaa kwa kadiri ya hewa uipatayo. Basi kimlango kisipokuwapo, faida ya pili imekwisha. Umenunua jiko jipya, nawe walitumia kama lile la zamani.

Kimlango kikitoka, lipeleke jiko kwa fundi bati, tena simama uitazame kazi. Kwanza, bati liwe nene, kama la pipa. Bati la debe huliwa na kutu upesi. Pili, kimlango kipite ukingo wa tundu kwa upana wa kidole kila upande, kikae sawasawa bila mwanya. Tatu, bawaba zipigwe ribiti, zisiungwe kwa lehemu, maana lehemu huyeyuka kwa joto. Nne, kiwe na kishikio cha waya, mtu asiungue.

Fundi akisema, “Mama, kimlango si kitu, moto utawaka tu,” mjibu, “Kuwaka utawaka, fundi, lakini mkaa nanunua mimi.”

Ukifika nyumbani, lijaribu. Washa mkaa, na ukishika vizuri funga kimlango. Makaa yakififia, kazi ni njema. Yakizidi kuwa mekundu, hewa yapenya mahali. Tazama kati ya chungu na bati: kama pameachana, paziwe kwa saruji iliyochanganywa na majivu yaliyochekechwa, nawe usipikie mpaka pakauke kabisa.

Wakati wa kuwasha, elekeza kimlango upande wa upepo, kikiwa wazi. Chungu cha maharage kikianza kuchemka, kirudishe kimlango hata ubaki mwanya mdogo. Maharage hayaivi upesi zaidi kwa moto mkali. Hukausha maji tu.

Kila asubuhi, jiko likiwa baridi, toa majivu yote na zibua matundu ya chungu kwa kijiti. Majivu yakijaa huziba hewa, na yakipata unyevu huleta kutu, ndiyo maana kimlango hung'oka mapema. Usimwagie maji jiko lenye moto, udongo utapasuka. Makaa yaliyobaki yatie katika kopo la bati lenye kifuniko, uliache nje.

Sasa sikilizeni neno lililo kubwa kuliko mkaa. Kufunga kimlango si kuzima moto. Makaa yenye hewa haba hutoa kwa wingi hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi, nayo hushikamana na damu mahali pa hewa njema tunayoivuta. Katika baridi ya Juni na Julai, hasa kwa ndugu zetu wa milimani Lushoto, wako watu waingizao jiko chumbani wapate joto, wakafunga mlango na madirisha. Mtu aliyelala haisikii sumu hiyo. Aweza kufa usingizini. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika na kuishiwa nguvu. Ukiona dalili hizo, mtoe mgonjwa nje mara moja, kisha umpeleke hospitali.

Kwa hiyo pikeni penye hewa, na usiku jiko lilale nje, hata kama makaa yaonekana yamekufa. Waambieni hivyo watoto wenu wakubwa, maana mara nyingi ndio waliingizao.