Kicheko Kabla ya Panga

Tukisikia neno propaganda, tunamfikiria mtu anayefoka jukwaani. Tunajidanganya. RTLM, redio iliyoanza kurusha matangazo Rwanda mwezi Julai 1993, ilipendwa kwa muziki wake na kwa watangazaji waliotaniana kama vijana wa kijiweni. Katikati ya nyimbo na utani huo lilirudiwa neno moja: inyenzi, yaani mende. Lilirudiwa hadi likazoeleka. Na mende haulizwi kosa lake, hukanyagwa. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, redio ileile ikataja majina ya watu na mahali walikojificha.

Mwaka 2003, mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani waasisi wake wawili, mmoja wao mwanahistoria wa chuo kikuu. Usomi haukumzuia. Waliocheka tu hawakushtakiwa.

Hao ndio sisi. Mwanasiasa anapowaita wapinzani wake kunguni, nasi tukaligeuza neno hilo kuwa stika ya WhatsApp, tumeshamfanyia kazi yake, tena bila malipo. Usiniambie ni utani tu. Utani ndio mlango wenyewe.