Kiingereza Kisicho na Mtenda

Muhula uliopita nilisahihisha insha 118 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaosoma kozi ya stadi za mawasiliano, ile wanayoipitia apende asipende wengi wa wanaoingia vyuo vikuu vyetu ili wajifunze Kiingereza cha kitaaluma. Mada ilikuwa moja kwa wote: upatikanaji wa maji safi katika nchi zinazoendelea. Insha moja niliipa alama za juu kuliko zote. Aya zake zilifuatana vizuri, vyanzo vilitajwa inavyotakiwa, na sentensi yake ya kwanza, nikiitia katika Kiswahili, ilisema hivi: "Upatikanaji wa maji safi na salama umeendelea kukabiliwa na changamoto mbalimbali katika jamii za vijijini kusini mwa Jangwa la Sahara."

Mwandishi wake alikuja ofisini kuchukua karatasi. Nikamuuliza kwao ni wapi, akanitajia kijiji kimoja cha Kusini. Nikamuuliza kama huko kuna maji. Akacheka. Kisha, akiwa bado amesimama mlangoni, akanieleza kwa dakika kumi habari ambayo haikuwamo hata chembe katika insha yake: kwamba kisima kirefu kilichimbwa yeye akiwa darasa la sita, kwamba mkandarasi alifunga pampu ndogo kuliko ile iliyoandikwa katika mkataba, kwamba mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa akikusanya shilingi hamsini kwa kila ndoo, na daftari lake halijapata kusomwa mbele ya mkutano wa kijiji, kwamba pampu ilipoungua mafundi walikuja mara mbili, wakapiga picha, wakaondoka, na kwamba mama yake mpaka leo huamka saa tisa usiku kwenda kupanga ndoo kwenye kidimbwi cha bondeni.

"Mbona hukuyaandika haya?" nikamuuliza.

"Mwalimu, hayo ni maneno ya nyumbani. Siyo Kiingereza cha chuo."

Jibu hilo limenikosesha usingizi, kwa sababu aliyemfundisha hivyo ni mimi.

Nieleweke vizuri. Siku hizi walimu wengi wa lugha tumekubaliana kwamba Kiingereza cha kitaaluma hakifundishiki kwa mazoezi matupu ya sarufi. Mwanafunzi apewe jambo zito la kulifikiri, na lugha itafuata nyuma ya fikra. Jambo linalochaguliwa mara nyingi ni masuala ya maendeleo ya dunia: umaskini, njaa, maji, mabadiliko ya tabianchi, elimu ya mtoto wa kike, misaada. Wanaolichagua wana hoja nzuri, nami niliitetea hoja hiyo katika vikao. Ninachokipinga ni namna tunavyolileta jambo hilo darasani, na aina ya Kiingereza tunachokisifia linapoandikwa.

Vitabu vingi tunavyovitumia, au kwa ukweli zaidi tunavyovitoa fotokopi, viliandikwa kwa ajili ya kijana anayejiandaa kwenda kusoma Uingereza au Australia. Katika darasa lile la mataifa mchanganyiko, umaskini wa dunia ni mada salama. Unamhusu mtu wa mbali, anayeitwa "wao", na darasa zima linaweza kumhurumia bila kugombana. Mada hiyohiyo ikisafiri ikafika kwetu, "wao" ndio waliokaa kwenye viti. Kijana wa Kusini anasoma habari za "jamii hizi", anaandika habari za "jamii hizi", na hakuna mahali popote katika kurasa zake nne anaposema "sisi". Amejifunza kumtazama mama yake kwa darubini ya mgeni, nami nimempa alama kwa usafi wa kioo.

Hilo ni la kiwakilishi. La kitenzi ni baya zaidi. Kiingereza cha kitaaluma, kama kinavyofundishwa katika ngazi hii, kinapenda mambo mawili: kauli ya kutendwa, na kugeuza vitenzi kuwa nomino. Havisemwi visima "vilichimbwa na fulani", husemwa "uchimbaji ulifanyika". Katika maabara sina ugomvi na mtindo huo. Kimiminika kikichemshwa hadi nyuzi 80, haijalishi aliyekichemsha ni nani, na mwanafunzi wa kemia anayejitaja kila mstari anachosha. Lakini fedha za kisima hazichemki zenyewe.

Sasa ichukue lugha hiyo uikutanishe na lugha ya maendeleo, ambayo nayo kwa sababu zake haipendi kumtaja mtu. Tazama Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa Septemba 2015, ambayo hakosi kuyakuta anayesoma vitini vyetu. Ni malengo 17 na shabaha 169. Soma majina ya malengo hayo kwa Kiingereza, moja baada ya jingine: komesha, hakikisha, kuza, jenga, punguza, linda, imarisha. Kila moja linaanza na kitenzi, na hakuna hata moja lenye kiima. Nani akomeshe? Na nani alifanya mpaka kukawa na cha kukomesha? Najua kwamba hati inayotakiwa kukubaliwa na nchi 193 haiwezi kumnyooshea mtu kidole. Wanadiplomasia wana udhuru wao. Kijana wa miaka ishirini aliyekuja chuo kikuu kujifunza kufikiri hana udhuru huo, wala mimi sina haki ya kumuazima.

Jambo hili lina historia, na sehemu moja ya historia hiyo ilitokea hapahapa kwetu. Harry Truman alipohutubia siku ya kuapishwa kwake kuwa Rais wa Marekani, tarehe 20 Januari 1949, alizungumzia maeneo ya dunia yasiyoendelea. Katika Kiingereza chake neno hilo lilikuwa kivumishi, sifa kama urefu au ufupi: nchi iko hivyo, basi. Miaka 23 baadaye Walter Rodney, Mguyana aliyekuwa akifundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha How Europe Underdeveloped Africa. Angalia alichokifanya kwenye jalada tu, kabla hujafungua ukurasa. Alikichukua kivumishi kilekile akakigeuza kitenzi. Akakipa kiima, Ulaya. Akakipa shamirisho, Afrika. Jina la kitabu likawa sentensi kamili, yenye anayetenda na anayetendwa.

Unaweza kuikataa hoja ya Rodney. Wapo wanahistoria wazito walioikataa, nami mwenyewe ninapo mahali nisipokubaliana naye, hasa pale anapowapunguzia watawala wetu wa zamani sehemu yao ya lawama. Lakini unaweza kuikataa kwa sababu imesemwa. Unaweza kwenda kwenye nyaraka ukatafuta kama Ulaya ilitenda au haikutenda. Sentensi ya kijana wangu, ile ya changamoto mbalimbali, nani ataikataa? Haina pa kushikwa. Ni kweli leo, ilikuwa kweli 1980, na itakuwa kweli hata kisima kile kikitengenezwa kesho. Sisi tunaiita ya kitaaluma, ilhali haipimiki.

Na asije mtu akasema Kiingereza chenyewe ndicho chenye dhambi. Wanafunzi wa Mlimani waliokuwa wakitoa jarida la Cheche kuanzia 1969 hadi lilipopigwa marufuku mwaka uliofuata waliandika kwa Kiingereza hichohicho. Humo ndimo Issa Shivji alimochapisha mwaka 1970 uchambuzi wake wa mapambano ya kitabaka, na Kiingereza chake kilitaja: mashirika gani, mikataba gani, tabaka lipi linanufaika. Serikali ilielewa kila sentensi. Pengine ilielewa mno.

Hapa wapo watakaorukia na kusema, si tulisema, tufundishe kwa Kiswahili yaishe! Nipo upande wao kuliko wanavyodhani. Tume ya Makwetta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia hadi chuo kikuu, serikali ikalitupa pendekezo hilo, na naamini ilikosea. Hata hivyo, ndugu zangu mlio maofisini, tuambizane ukweli. Kiswahili chetu cha ripoti kimeupata ugonjwa uleule, na kina dawa ya kuuzidisha ambayo Kiingereza hakina: kauli ya kutendeka. Fedha "zimepotea". Mradi "umekwama". Mashine "imeharibika". Kauli ya kutendwa angalau ina mlango wa nyuma, ule wa "na", ukitaka kumwingiza mtenda: zimeibwa na nani. Kutendeka hakuna mlango. Glasi imevunjika, na aliyeiangusha anakunywa chai. Ongeza "wadau", ongeza "suala linafanyiwa kazi", ongeza "mchakato unaendelea", na ulifute neno "shida" kila linapotokea uandike "changamoto", utakuwa umepata barua ya kiofisi isiyoweza kumtia mtu yeyote matatani. Mengi ya hayo, ukiyachunguza, ni Kiingereza cha miradi kilichovalishwa kanzu. Waliokivalisha ni wahitimu wetu. Walijifunza kwetu.

Nilimwomba yule kijana aiandike upya insha yake, kwa Kiingereza, na sharti moja: kila kitenzi kiwe na mwenyewe. Alihofu, na hofu yake ilikuwa ya haki. Mwenyekiti wa kamati ni jirani wa mama yake, na kijijini maneno hayakai kwenye karatasi. Tukakubaliana ataje vyeo, asitaje majina. Kisha nikamuuliza amejuaje kwamba pampu ilikuwa ndogo. Akasema wote wanajua. Nikamwambia "wote wanajua" si chanzo. Akampigia simu mjomba wake, ambaye alikwenda ofisi ya kijiji akapiga picha ya bango la mradi, lililokuwa limebandikwa nyuma ya mlango.

Hapo ndipo nilipoona Kiingereza cha kitaaluma kikifundishika kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii. Maneno ya tahadhari ambayo mwaka mzima nilikuwa nikiyaorodhesha ubaoni, inadaiwa, kwa mujibu wa, yaelekea, kijana alianza kuyahitaji. Bango lilisema jambo moja, mjomba alisema jingine, mama alisema la tatu, na ilimbidi apambanue lililoonwa, lililosikiwa na linalokisiwa, kwa sababu akikosea kuna mtu wa kweli atakayeumia. Alirudi kwangu mara nne kuuliza tofauti ya vitenzi viwili vya Kiingereza ambavyo insha ya kwanza ilivitumia kama pacha. Sarufi yake ilizorota kidogo, kama inavyozorota ya mtu yeyote anayejaribu kusema jambo jipya.

Hatuhitaji fedha za wafadhili kuifanya kazi hii. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa ripoti, ambazo kwa mujibu wa ibara ya 143 ya Katiba hukabidhiwa Rais na kisha kuwasilishwa Bungeni. Zinapatikana kwa Kiingereza, bure, na ni za maendeleo kuliko kitabu chochote cha kuagiza. Kiingereza chake si cha Shakespeare, na nazo zina sentensi nyingi zinazokwepa. Vizuri. Wanafunzi wapewe kazi ya kuzitafuta sentensi hizo na kuuliza: hapa, nani? Wengine waandike kuhusu bei ya korosho, wengine kuhusu mkopo wao wenyewe wa elimu ya juu uliochelewa. Na yule anayetaka kuandika kuhusu Bangladesh aandike, mradi naye amtafute mtenda wa huko.

Kikwazo kiko katika karatasi moja. Mwongozo wetu wa usahihishaji una kipengele chenye alama kumi kinachodai lugha "isiyoegemea upande na isiyolenga wahusika". Nimezisahihisha insha zote mbili kwa mwongozo huo, kwa uaminifu kabisa. Ya kwanza, ile ya changamoto mbalimbali, imepata 34 kati ya 40. Ya pili, yenye mkandarasi, kamati, mafundi wenye kamera na ndoo za saa tisa usiku, imepata 21.

Kikao cha idara ni Jumatano. Nitazipeleka zote mbili bila jina la mwandishi, nitazisambaza mezani, na nitaomba kipengele hicho kifutwe. Dakika za kikao, kama desturi yetu ilivyo, zitaandika kwamba "pendekezo lilijadiliwa". Safari hii nitaomba ziandike na nani.