Vanishi Haitaokoa Kayaki Yako

Wasee, wacheni kudanganyana eti vanishi inatosha. Yangu ya plaiwudi niliipaka mara nne, ikang'aa kuliko viatu vya bwana harusi. Siku ya pili hapa Kilifi nikaiburuta kidogo tu juu ya matumbawe, ikakwaruzika hadi kwa mbao. Maji yakaingia, plaiwudi ikafura, tabaka zikaachana. Kazi ya miezi mitatu, kwisha.

Chini ya kayaki weka kitambaa cha fiberglasi, ukiloweshe epoksi. Kwa mkuku ongeza ukanda wa mbao ngumu ndio usuguliwe, ukiisha unabadilisha. Rangi inakuja mwisho, juu jua huharibu epoksi. Na ita beshte mbebe, achana na kuburuta.

Ati ni ghali? Mimi nimenunua plaiwudi mara mbili.