MEZA YA MWALIMU: Vumbi la Manjano juu ya Tungule

Miongoni mwetu wako wanaokwenda nyumbani likizoni na wake zao wajawazito, na wako wanaopeleka fedha za mbolea na dawa kwa shamba la wazazi. Kwa hao naandika.

Tungule, au nyanya kama wasemavyo wa bara, huonekana sokoni zikiwa na vumbi la manjano hafifu. Si lazima liwe udongo. Huenda ni mankozebu, dawa ya kuzuia ukungu wa nyanya na mbatata iliyoanza kutumika miaka ya 1960. Ni ya jamii ya dithiokabameti. Ndani yake mna manganizi, zinki na salfa. Hukaa juu ya ngozi ya tunda, haipenyi sana ndani, na hiyo ni rehema.

Watu huidharau kwa kuwa haiui papo hapo. Binamu zake, kabameti za kuulia wadudu, humtoa mtu mate na jasho akatetemeka. Hii haina pupa hiyo. Lakini ikipata joto huvunjika na kuzaa ethilinithiourea, ambayo huzuia kazi ya tezi ya shingo, na kwa wanyama wa maabara imelemaza vijusi na kuleta saratani. Sisi tumezoea kudhani moto husafisha kila kitu. Hapa sivyo: tungule isiyooshwa ikitiwa mchuzini, moto huo huo ndio huizalisha sumu. Basi ioshwe kwanza kwa maji yanayotiririka, isuguliwe kwa mkono, na ikiwezekana imenywe, kabla ya kukaribia sufuria.

Umoja wa Ulaya ulikataa kuihuisha ruhusa ya dawa hii Desemba 2020, ukiihesabu kuwa yadhuru uzazi na homoni.

Mwenye kupuliza ndiye aliye hatarini zaidi. Nimemwona mzee wa heshima akiikoroga ndooni kwa mkono mtupu, ngozi imemvimba vipele, naye akisema ni joto tu. Avae glavu, mikono mirefu na kitambaa puani. Mja mzito asiiguse. Mkiwapigia simu wazee, waulizeni imewekwa wapi. Mahali pake ni pakavu, penye kufuli, mbali na jiko, kwani pakiti ikifunguka hufanana na unga. Ikinyeshewa hupata moto yenyewe na kunuka mayai viza. Hiyo isipulizwe tena.

Wassalaam.