Weupe wa Dalali

Yupo atakayeuliza: saa ya Uswisi inaingiaje katika kurasa za ushairi? Inaingia kwa mlango wa rangi, na rangi ilikuwa mali ya washairi kabla haijawa mali ya madalali.

Saa ninayoikusudia ni Rolex Daytona, saa ya mkono yenye kipima-muda, iliyotolewa mwaka 1963 kwa ajili ya madereva wa mashindano na kupewa jina la Daytona, huko Florida. Ile ya chuma cha pua iliyotoka mwaka 2016, na kurithiwa na nyingine mwaka 2023, ilikuja kwa nyuso mbili tu: mweupe na mweusi. Tangu hapo wenye nayo, na wengi zaidi wasio nayo, hawajanyamaza.

Ugomvi wa rangi mbili ni ugomvi halali. Ninaloupinga ni ushahidi unaoletwa. Muulize mtu kwa nini achague mweupe. Hatakwambia jicho lake limeona nini. Atakwambia kuwa mweupe huuzwa ghali zaidi na hupatikana kwa shida. Hiyo si hoja ya rangi, ni hoja ya mnada. Mwenye kuitoa amempa dalali macho yake, kisha anayakodi.

Na mnada wenyewe ni shahidi wa namna gani? Katika miaka ya 1960 Rolex ilitoa Daytona zenye nyuso za mapambo, vijiduara vyake vitatu vikiwa na rangi iliyopingana na ya uso. Wanunuzi waliziona vioja, zikadoda madukani. Mwigizaji Paul Newman akavaa moja, zawadi ya mkewe Joanne Woodward. Saa hiyo hiyo iliuzwa New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Rangi ilikuwa ile ile. Shahidi huyu, basi, ameapa mara mbili, na kiapo cha pili kimekanusha cha kwanza.

Wapo hata wanaolipa ziada kwa uso mweusi uliobabuka mpaka ukawa wa kahawia, nao huuita uso wa tropiki. Sisi tunaoishi chini ya jua hilo tunajua linavyoufanya mlango uliopakwa rangi, na hatujapata kumlipa mtu kwa hilo.

Mfano wa uchaguzi wa kweli ninao. Katika miaka ya 1970 Sultan Qaboos wa Oman aliagiza, kupitia duka la Asprey la London, Daytona zenye jambia la nchi yake lililochorwa usoni. Leo nazo ni ghali mno. Lakini pale palitangulia neno la kusema, bei ikafuata nyuma.

Kinachoniuma khasa ni lugha. Kiswahili kina sifa tatu tu za rangi zinazochukua viambishi: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine nyingi tumeziazima kwa vitu: majani, manjano, kahawa, zambarau, majivu. Hizo tatu ndizo nguzo, na tumezibebesha mengi, mpaka moyo na siku tunazipima kwazo. Leo mtu anasema "nyeupe" akikusudia "ghali". Ningelipewa maneno yake kuyatafsiri, ningeliandika "ghali" bila ya kusita.

Mimi nachagua mweusi. Saa ya dereva ni ya kusomwa kwa mtupo mmoja wa jicho. Akrabu za Daytona hii zina rangi ya fedha, na katikati zina mpako mweupe unaong'aa gizani. Juu ya weusi zinasimama wazi, juu ya weupe, mchana wa jua, zinafifia. Mweupe una utetezi mmoja wa maana: pete nyeusi zilizozunguka vijiduara vyake, ambazo huvitenga vizuri na uso. Ni uzuri wa kweli, siubishi. Lakini vijiduara vile hutazamwa kwa nadra, anayepima mwendo wa gari siku hizi ni nani? Saa na dakika hutazamwa kutwa.

Huenda jicho la mwengine likaona vyengine. Na aniletee alichokiona, nitamjibu. Bei asiniletee.