Nyumba kimya siyo lazima iwe nyumba yenye maelewano

Tuchukue nyumba moja ya kufikirika pale Pande, wilayani Kilwa, ambayo wazazi wengi wa pwani ya Lindi watadhani ni ya jirani yao. Baba yuko dago na wavuvi wenzake. Nyumbani wamebaki mama, bibi mzaa baba, binti wa kidato cha pili na mdogo wake wa miaka mitatu. Majirani wanaisifu sana nyumba hiyo, kwa sababu haijawahi kusikika sauti ya ugomvi.

Jioni binti ana kazi ya Kiingereza. Mwalimu amewataka waeleze maana ya neno harmony. Anamuuliza mama yake, naye anafikiri kidogo, anasema: “Si ndiyo amani hiyo?” Binti anaandika kwenye daftari kuwa harmony ni nyumba ambayo watu wake hawagombani.

Usiku huohuo mdogo wake anachemka mwili. Mama anataka kukikicha tu ampeleke zahanati. Bibi anasema: “Mwanangu, hii siyo homa ya sindano. Hiki ni kitu cha degedege, tumfukize kwanza.” Moyoni mama hakubali, lakini anajibu: “Sawa, mama.” Baba anapigiwa simu, naye anajibu kwa kifupi: “Fuateni anavyosema mama.” Hakuna aliyepandisha sauti. Kesho yake mchana mtoto amelegea, hanyonyi hata chungwa, maji yenyewe hayataki. Hapo ndipo bodaboda inaitwa. Muuguzi anauliza swali moja tu: “Homa imeanza lini?” Mama anamtazama bibi, bibi anatazama chini.

Tuseme mtoto huyo alipona. Wapo wasiopata bahati hiyo. Linabaki swali la kazi ya binti: je, ile nyumba ilikuwa na harmony?

Neno la mafundi wa vyombo

Kiingereza kililipata neno hili kutoka Kigiriki, na kwa Wagiriki wa kale maana yake ilianzia kwenye kuunganisha vitu vikashikana. Katika Odyssey, utenzi wa kale wa Homer, neno hilo linatumika kwa viungo vya mbao, pale shujaa wa utenzi anapojiundia chombo cha kumvusha bahari. Baadaye likahamia kwenye muziki, kisha kwa watu.

Mtu wa Kilwa hahitaji kwenda Ugiriki kulielewa. Fundi wa majahazi hachukui mbao zinazofanana. Mkuku una umbo lake, mataruma yana yao, na mbao za ubavuni huchongwa moja moja mpaka kila ubao ukae mahali pake. Kisha mianya hutiwa kalafati. Chombo hakielei kwa sababu mbao zake ziko kimya. Kinaelea kwa sababu zimechongwa zikaingiana. Ukipaka rangi nzuri juu ya viungo vilivyoachana, chombo kitapendeza ufukweni na kitazama kwenye maji.

Kwenye muziki ni vivyo hivyo. Waingereza husema kuna harmony pale sauti tofauti zinaposikika kwa pamoja na zikapendeza. Kwaya ikiimba sauti nne, anayeimba besi hafuati ya soprano. Kwenye ngoma za pwani, chapuo haligi vumi. Kila ngoma ina pigo lake, na utamu unatokana na kila mpigaji kumsikiliza mwenzake. Zikipiga zote pigo moja, au moja ikinyamazishwa, mchezo umeharibika.

Kwa hiyo kulitafsiri neno hili kuwa “amani” au “umoja” peke yake hakutoshi. Amani yaweza kuwa kutokuwepo kwa vita tu. Umoja waweza kuwa wote kufuata neno la mmoja. Harmony inataka tofauti ziwepo, zisikike, halafu zipatane.

Kiswahili kimeshalijibu

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayokaribia maana hiyo: maelewano, masikilizano, upatanifu, ulinganifu, utangamano. Kwa rangi au vitu, ulinganifu unafaa. Kwa jamii yenye watu wa makabila na dini mbalimbali, wengi husema utangamano. Kwa nyumba, maneno mawili ya kwanza ndiyo yenye uzito zaidi.

Yatazame yalivyoundwa. Kuelewa kunazaa kuelewana, ndiyo maelewano. Kusikiliza kunazaa kusikilizana, ndiyo masikilizano. Ile “-ana” ya mwisho haikubali mtu mmoja. Mke anayemsikiliza mume, na mume asiyemsikiliza mke, hawajasikilizana. Mkwe anayesema na mkaza mwana anayeitikia tu, hawajaelewana. Katika nyumba yetu ya Pande, bibi alisikika, baba akasikika. Mama, aliyekuwa na wasiwasi sahihi kuliko wote, hakusikika.

Saa zinazopotea

Wataalamu wa afya ya uzazi wana mfano maarufu wa kueleza kwa nini akina mama hufa kwa matatizo ya ujauzito na uzazi. Uliandikwa mwaka 1994 na Sereen Thaddeus na Deborah Maine, na unataja ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Leo mfano huo hutumika pia kwa watoto wagonjwa.

Ucheleweshaji wa pili unategemea barabara, mvua na nauli. Wa tatu unategemea watumishi na dawa. Ule wa kwanza uko sebuleni kwetu. Unaamuliwa na nani mwenye ruhusa, nani ameshika fedha, nani anaogopa kumuudhi nani.

Kwa mtoto mwenye malaria, saa hizo ni kubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto mwenye homa apimwe na atibiwe ndani ya saa 24, kwa sababu malaria kwa mtoto mdogo inaweza kugeuka kali kwa kasi. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu kwa muda mfupi, na dawa mseto ikianza mapema hufanya kazi vizuri. Kwa sera ya afya ya Tanzania, watoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali, lakini nauli ya kufika huko lazima itoke mfukoni kwa mtu.

Dalili za hatari kila mtu wa nyumbani anapaswa kuzijua, bibi na dada mkubwa wakiwemo: mtoto kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila anachopewa, degedege, na kulegea sana au kupoteza fahamu. Ikionekana hata moja, ni safari ya kituo cha afya muda huohuo. Mtoto akishikwa na degedege, mlazeni kwa ubavu mahali salama, msimtie kitu chochote mdomoni, msimpe dawa ya kunywa wala kumfukiza moshi, kisha mkimbizeni akatibiwe.

Hata usingizini anasikia

Upande wa pili wa jambo hili ni nyumba zenye kelele. Wazazi wengi husema mtoto mchanga haelewi, hasa akiwa amelala. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walichapisha utafiti mdogo wa watoto 20 wenye umri wa kati ya miezi 6 na 12. Waliwapiga picha za ubongo wakiwa wamelala huku wakisikilizishwa sauti zenye hisia tofauti. Watoto waliotoka nyumba zenye ugomvi mwingi, ubongo wao uliitikia zaidi sauti ya hasira kali, katika sehemu zinazohusika na msongo na kudhibiti hisia.

Hii haina maana kwamba wazazi wasitofautiane. Mtafiti E. Mark Cummings wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, aliyechunguza jambo hili kwa miaka mingi, ameonyesha kuwa watoto hutulia zaidi wanapoona ugomvi umemalizwa kwa kupatana. Kinachowaumiza ni ugomvi wa matusi na vipigo, na ule usioisha. Baba na mama wakibishana mchana kuhusu fedha za ufuta, kisha jioni mtoto akawaona wamekaa wanapanga matumizi, amejifunza kitu ambacho shule haina kitabu chake.

Ndiyo maana programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, haizungumzii chakula na chanjo tu. Inataja mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Uji mzuri ukinywewa kwa hofu, mtoto amekosa sehemu ya chakula chake.

Maelewano yasiwe kifuniko

Kuna nyumba ambazo neno maelewano hutumika kumnyamazisha anayeumia. Mke amepigwa, anaambiwa avumilie ili nyumba isivunjike. Mtoto ameeleza alichofanyiwa na ndugu, wazee wanakaa na kusema yaishe kifamilia. Kimya cha namna hiyo kinamlinda mkosaji peke yake.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kuwa hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Sheria hiyohiyo imeweka mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, na kwa kawaida shauri la talaka hupitia huko kabla ya kufika mahakamani. Mzozo wa fedha, wa wakwe au wa kutosikilizana unaweza kupelekwa huko. Kipigo na ukatili ni jambo la Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kwa mtoto, ipo namba 116 ambayo hupigwa bure.

Kukubaliana kabla ya homa

Maelewano hayatafutwi usiku wa manane mtoto akiwa anatetemeka. Hutengenezwa mapema, kama chombo kinavyotiwa kalafati kikiwa nchi kavu. Kabla baba hajaenda dago, au kabla msimu wa shamba haujawatawanya watu, familia inaweza kukaa jamvini na kukubaliana mambo manne.

La kwanza ni ruhusa. Anayebaki na mtoto awe na ruhusa ya kudumu ya kumpeleka kituo cha afya bila kusubiri simu ya mtu. La pili ni fedha. Itengwe nauli ya dharura, hata kidogo, kwenye simu ya anayebaki, na ijulikane kuwa haiguswi kwa kitoweo. La tatu ni usafiri: namba za bodaboda wawili wa kuaminika, ili mmoja asipopatikana yupo wa pili.

La nne ni nafasi ya bibi. Mama mkwe anayepuuzwa atapinga. Akipewa kazi, anakuwa msaada. Awe mtunza saa wa homa, aandamane na mkaza mwana hadi zahanati, na aulize mwenyewe maswali yake kwa mhudumu. Ana uzoefu wa kulea ambao mama kijana hana, na anaweza kuona mapema kuwa mtoto hachezi kama kawaida. Mama naye ajifunze kulisema la moyoni kwa heshima: “Mama, nimekusikia. Mimi naogopa homa hii. Twende wote akapimwe.” Hakuna ukosefu wa adabu katika maneno hayo.

Yule binti wa kidato cha pili bado anadaiwa jibu lake na mwalimu. Huenda akajifunza maana ya harmony siku atakapomsikia baba, mkoba wa dago begani, akimwambia mama mbele ya bibi: “Mtoto akipata homa, mpeleke. Ukishafika, ndiyo unipigie.”